Siku thelathini za baga na chipsi: tuiamini filamu ya Super Size Me?



Jumamosi mbili zilizopita darasa la wakubwa lilitazama vipande vya filamu iitwayo Super Size Me. Tulikuwa kwenye somo la sehemu za mwili, na nilitaka wanafunzi wayaone maneno kama ini, moyo na damu yakifanya kazi, badala ya kuyanakili ubaoni tu. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Mzazi mmoja ameniambia mwanawe anakataa kuingia mkahawani hata kwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake. Mwingine amesema binti yake amerudi nyumbani akitangaza kwamba filamu ile ni uongo mtupu, kwa kuwa amesoma kwenye simu kuwa aliyeitengeneza alikuwa mnywaji wa pombe. Watoto hawa wawili kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nimeomba nafasi kwenye jarida letu nivieleze vipande vyote viwili, nikiwa mwalimu wenu wa Jumamosi na muuguzi wa siku nyingine zote.

Tuanze na filamu yenyewe. Mwaka 2002 wasichana wawili wa New York, kupitia wazazi wao, waliishtaki kampuni ya McDonald's wakidai kwamba chakula chake kimewanenepesha na kuwaharibia afya. Mapema mwaka 2003 jaji aliitupa kesi hiyo. Mtengenezaji filamu mmoja wa Kimarekani, Morgan Spurlock, aliyekuwa na umri wa miaka 32, alizisikia habari za kesi hiyo akaamua kujijaribu mwenyewe. Kuanzia mwezi Februari 2003, kwa siku 30, hakula wala kunywa chochote kisichouzwa McDonald's, hata maji. Alijiwekea masharti: ale milo mitatu kila siku bila kuruka hata mmoja, aonje kila kitu kilichomo kwenye menyu angalau mara moja, na muuzaji akimwuliza kama anataka saizi kubwa zaidi, lazima akubali. Tena alipunguza kutembea, ili afanane na Mmarekani wa kawaida anayekwenda kila mahali kwa gari.

Hiyo saizi kubwa zaidi ndiyo iliyoipa filamu jina lake. Watoto wetu hawakuiona, maana iliondolewa kabla hawajazaliwa. Uliongeza senti chache tu, ukapewa mfuko mkubwa wa chipsi na glasi ya soda iliyokaribia lita moja na robo. (Wanafunzi, kumbukeni: hapa Kanada mnaposema "chips" mnamaanisha zile kavu za pakiti. Kwa Kiswahili chipsi ni viazi vya kukaanga, vya moto. Zile za pakiti ni krispi. Nimechoka kusahihisha hili kwenye madaftari.)

Madaktari watatu walimpima kabla hajaanza wakamkuta mzima. Baada ya siku 30 alikuwa ameongezeka kilo 11 hivi. Kolesteroli yake ilipanda hadi 230 kwa vipimo vya Marekani, ambayo kwa vipimo vya hapa Kanada ni karibu 6. Alilalamika kuchoka, kuumwa kichwa na kukosa raha, na mara tu akila tena alijisikia vizuri kwa muda mfupi. Kilichowashtua madaktari kuliko vyote ni ini. Vipimo vya damu vilikuwa vibaya kiasi kwamba mmoja wao alilinganisha ini lake na la mlevi, akamsihi aache. Hakuacha. Kuzipunguza kilo zile baadaye kulimchukua zaidi ya mwaka mzima.

Filamu ilionyeshwa Januari 2004 kwenye tamasha la Sundance, ikampa Spurlock tuzo ya mwongozaji, na baadaye ikateuliwa kuwania Oscar. Machi mwaka huohuo McDonald's ilitangaza kuiondoa ile saizi kubwa, ikisema inarahisisha menyu na kwamba filamu haihusiki. Aminini mnavyotaka.

Sasa tuje kwa yule binti aliyesema ni uongo. Desemba 2017 Spurlock aliandika waraka wa wazi akikiri mambo kadhaa ya maisha yake, na mojawapo ni kwamba alikuwa akinywa pombe tangu akiwa na miaka 13, na kwamba kwa miaka 30 hakuwahi kupitisha zaidi ya wiki moja bila kileo. Rudini sasa kwa yule daktari. Alishangaa kuona ini la mtu huyu linafanana na la mlevi. Je, ni baga zilizoliumiza, au ni pombe, au ni kuacha pombe ghafla kisha kula kupita kiasi? Kwa filamu hii peke yake hatuwezi kujua. Ini ndilo linalosafisha pombe mwilini, kwa hiyo habari ya pombe haikuwa jambo dogo la kando.

Kuna udhaifu mwingine, na huu ulikuwapo hata kabla ya waraka ule. Spurlock alikuwa mtu mmoja. Alikula karibu kalori 5,000 kwa siku, takriban mara mbili ya alichohitaji, huku akijizuia kutembea. Ukila kiasi hicho cha pilau ya shangazi yako bila kuinuka kitini, nawe utanenepa. Filamu haikuwa na mtu wa pili wa kumlinganisha naye, aliyekula kalori 5,000 za chakula cha nyumbani, na haikutoa orodha kamili ya alichokula kila siku. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa na haki ya kutilia shaka. Hospitalini tukipewa dawa iliyojaribiwa kwa mtu mmoja, tena aliyeficha kwamba anatumia kitu kingine, hatuwezi kumpa mgonjwa yeyote.

Spurlock alifariki Mei 2024 kwa saratani, akiwa na miaka 53. Mtoto mmoja aliniuliza kama ni baga zilizomuua. Hapana. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa mtu mmoja, na msiruhusu mtu awatishe kwa hadithi ya namna hiyo.

Lakini shaka nzuri haiishii kwenye kukanusha. Mtu akishasema "sina hakika", anatakiwa atafute kama kuna wengine waliojaribu jambo lilelile kwa uangalifu zaidi. Na wapo.

Nchini Sweden, kwenye Chuo Kikuu cha Linköping, watafiti wakiongozwa na Fredrik Nyström waliiga mtindo wa filamu hii kwa vijana 18 wenye afya, wembamba, wake kwa waume. Kwa wiki nne walikula chakula cha haraka angalau mara mbili kila siku, wakalenga kula maradufu ya kawaida yao, na wakapunguza kutembea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Hali zao kwa jumla hazikufika kwenye hofu ya filamu, na miili yao haikufanana: mmoja aliongezeka sana, mwingine kidogo. Kwa wastani waliongezeka kilo zaidi ya sita. Ila kwenye ini, kulikuwa na jambo. Kuna kimeng'enya kiitwacho ALT ambacho hukaa ndani ya seli za ini, na seli zikiumia huvuja kwenye damu. Kwa vijana wale kipimo hicho kilipanda zaidi ya mara tatu kwa wastani, na kilianza kupanda ndani ya wiki ya kwanza.

Kwa hiyo ini la Spurlock huenda lilisema habari za pombe, lakini maini ya vijana wa Linköping yalisema habari za chakula. Waswahili husema maneno makali hukata maini. Basi na soda nayo ina namna yake ya kuyakata.

Inavyofanya kazi ni hivi. Sukari iliyomo kwenye soda ni ya aina mbili zilizokaa pamoja, glukosi na fruktosi. Angalieni kwenye kopo hapa Kanada, mtaona zimeandikwa kwa jina moja lililounganishwa. Glukosi hutumiwa na mwili mzima: misuli, ubongo, kila mahali. Fruktosi karibu yote hupelekwa kwenye ini. Ikija kidogo kidogo ndani ya embe au chungwa, pamoja na nyuzinyuzi zake, ini linaimudu. Ikija kwa wingi, ya majimaji, kwa dakika tano, ini huibadilisha kuwa mafuta. Mafuta hayo mengine huenda kwenye damu na mengine hubaki palepale ndani ya ini. Kopo moja la mililita 355 lina karibu gramu 40 za sukari, yaani vijiko kumi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, kwa afya bora, asizidishe vijiko sita hivi vya sukari ya kuongezwa kwa siku nzima.

Na ini halilalamiki. Hilo ndilo linalonisumbua kazini. Jino likioza linauma, mguu ukivunjika unauma, lakini ini lenye mafuta hukaa kimya miaka mingi. Tunalikuta kwa bahati, mtu amekuja kwa jambo jingine. Siku hizi linakutwa hata kwa watoto. Habari njema ni kwamba mafuta ya ini yakigunduliwa mapema huweza kupungua mtu akipunguza sukari na uzito, hata bila dawa.

Utafiti wa pili naupenda zaidi, kwa sababu unajibu lile swali la pilau ya shangazi. Ulichapishwa mwaka 2019 na Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Watu wazima 20 waliishi humo humo kwenye kituo cha utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula kilichosindikwa sana kiwandani, na wiki mbili nyingine chakula cha kawaida kilichopikwa kutokana na vitu vinavyojulikana. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa: kalori sawa, sukari sawa, chumvi sawa, mafuta sawa, nyuzinyuzi sawa. Waliambiwa wale kadiri wanavyotaka. Kwenye chakula cha kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku bila kujitambua, wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Kwenye chakula cha kawaida wakapungua kiasi hichohicho. Walikula pia haraka zaidi kile cha kiwandani. Ni laini, hakihitaji kutafunwa, kimeshuka kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema limeshiba.

Wazazi, someni tena aya hiyo kabla hamjamwambia mtoto kwamba hana nidhamu. Wale walikuwa watu wazima, wanapimwa kila siku, na bado walikula zaidi. Chakula chenyewe kimetengenezwa kiliwe hivyo.

Sasa tushuke mtaani kwetu. Kutoka pembe ya Weston Road na Eglinton, mtoto anayesubiri basi la 89 ana dakika kumi na noti ya dola kumi mfukoni. Amepewa hiyo noti kwa sababu mama yuko zamu ya jioni na baba analala, maana usiku ataingia kazini. Ninawajua nyinyi, na mimi pia nafanya zamu hizo. Kumwambia mzazi wa namna hiyo "pika nyumbani kila siku" ni kumwongezea mzigo tu. Kwa hiyo nitasema yale yanayowezekana.

Tangu tarehe 1 Januari 2017, sheria ya Ontario inaitaka mikahawa yenye matawi 20 au zaidi katika jimbo iandike kalori za kila chakula kwenye menyu, karibu na bei. Chini yake pameandikwa kwamba mtu wa miaka 13 na kuendelea anahitaji wastani wa kalori 2,000 kwa siku, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 wastani wa 1,500. Nimewauliza wanafunzi, wengi hawajawahi kuutazama ubao ule. Hesabu ni nyepesi. Tuseme baga ina kalori 600, chipsi 400, soda 200. Jumla elfu moja na mia mbili. Kwa mtoto wa miaka kumi zimebaki mia tatu tu kwa siku nzima. Akiacha soda akanywa maji, na akachukua chipsi ndogo badala ya za kati, amekula baga yake na siku haijaharibika. Mikahawa midogo ya wenyewe pale Weston Road hailazimiki kuandika namba hizo, na kutoandikwa hakumaanishi hakuna kitu. Kuku wa kukaanga ni kuku wa kukaanga, awe wa kampuni kubwa au wa jirani yetu mzuri.

Spurlock alitengeneza filamu ya pili, na ilionyeshwa mara ya kwanza hapa hapa Toronto, kwenye tamasha la filamu la Septemba 2017. Humo anafungua mkahawa wake wa kuku, anaonyesha jinsi maneno matamu kama "asilia" na "freshi" yanavyotumika kuuza, na jinsi mistari ya kuchoma inavyopakwa juu ya kuku ambaye hajawahi kuona mkaa. Ile ningependa darasa la wakubwa walione siku moja, maana mitego ya leo ipo kwenye maneno zaidi kuliko kwenye ukubwa wa glasi.

Na tusijidanganye kwamba ubaya wote uko Kanada. Wanafunzi wetu wakienda likizo Dar es Salaam au Mombasa hushangaa kutoiona McDonald's, lakini chipsi mayai ipo kila kona, na mgeni akiingia nyumbani huletewa soda baridi kwa heshima. Kumnyima ni aibu. KFC ilifungua Nairobi mwaka 2011, na Januari 2022 ilipoishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa kutoka nje na meli zilichelewa, Wakenya walikasirika wakauliza viazi vya Nyandarua vina kasoro gani. Chakula cha haraka kimefika kwetu pia. Tofauti ni kwamba bibi zetu walikula chipsi mara moja kwa mwezi, wakatembea kwenda shambani na sokoni, na siku nyingine zote ilikuwa ugali, maharage, dagaa na mchicha.

Inajulikana kwamba wahamiaji wengi hufika Kanada wakiwa na afya nzuri kuliko wenyeji, kisha faida hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Idara ya afya ya Toronto ililiandika jambo hili kwenye ripoti yake ya mwaka 2011 kuhusu wageni wa jiji hili. Chakula si sababu pekee, kuna msongo, kipato, usingizi wa zamu. Shirika la Diabetes Canada nalo linawataja watu wenye asili ya Afrika, Uarabuni na Asia Kusini kuwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari cha aina ya pili. Familia nyingi za pwani yetu zina damu ya hizo zote tatu. Kwa hiyo mzazi mwenye miaka 40 na kuendelea, au ambaye mama au baba yake alikuwa na kisukari, amwombe daktari wake kipimo cha sukari, na akiwa na sababu nyingine za wasiwasi aulizie na kipimo cha ini. Asiye na daktari apige 811. Ni bure, saa 24, na anaweza kuomba mkalimani.

Ombi moja la mwisho kwa mashangazi na wajomba. Kwetu "umenenepa" ni sifa, maana yake umependeza, maisha yamekukubali. Mtoto aliyelelewa hapa halisikii hivyo. Nina mwanafunzi ambaye baada ya sentensi hiyo moja hakula chakula cha mchana siku tatu. Na baada ya filamu hii nimesikia wazazi wakimnyooshea mtoto kidole mezani: "Utakuwa kama yule." Tafadhalini, tusiitumie filamu hivyo. Mtoto mwembamba anaweza kuwa na ini lenye mafuta, na mnene akawa mzima. Tuzungumze juu ya soda, chumvi na usingizi, tuuache mwili wa mtoto.

Mimi Jumapili huchemsha sufuria kubwa la maharage, nikayagawa kwenye vyombo vidogo na kuyagandisha. Nikirudi saa mbili usiku, wali unaiva kwa dakika ishirini, maharage yanapata moto humohumo, na nazi ya kopo inamalizia. Ni haraka kuliko foleni ya dirishani.

Darasa la wakubwa, Jumamosi ijayo kila mmoja alete namba tatu za kalori alizozisoma mwenyewe kwenye ubao wa mkahawa, ziandikwe kwa maneno, kwa Kiswahili. Mia tano sabini, si 570.